Kati ya 1×3 na Kutwa Mara Tatu: Uhakiki wa Matini za Maelezo ya Dawa Katika Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matini za maelezo ya dawa zinazomfikia mtumiaji katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda. Yanazichukulia matini hizo kama utanzu wenye mwandishi, msomaji na kusudi, na yanauliza iwapo utanzu huo unatimiza kusudi lake. Hoja kuu ni kwamba pendekezo linalorudiwa mara kwa mara katika mikutano ya Kiswahili, yaani kutafsiri vikaratasi vya dawa kutoka Kiingereza, halitoshi na huenda likahamisha kasoro kutoka lugha moja hadi nyingine. Makala yanachunguza matini tatu: kikaratasi kilichomo ndani ya boksi, maandishi ya bahasha ya dawa, na kauli ya mdomo ya anayetoa dawa. Yanahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sera.

1. Utangulizi

Katika muda mfupi Kiswahili kimepata nguvu ya kisheria na kisera nchini Uganda ambayo hakikuwa nayo awali. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kukitumia kama lugha rasmi, kwa kufuata uamuzi wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 2021. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar, na tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba kuhusu upeo wa lugha hii hazijakoma.

Hotuba hizo huchochea shauku ya kuona Kiswahili kikiingia kila mahali, na dawa ni miongoni mwa mahali panapotajwa kwanza. Hoja yenyewe ni nyepesi: vikaratasi vya dawa vimeandikwa kwa Kiingereza, wananchi wengi hawakisomi Kiingereza kwa ufasaha, basi vitafsiriwe. Makala haya yanaipinga hoja hiyo yakiwa ndani ya taaluma yetu wenyewe. Hayapingi Kiswahili. Yanapinga dhana kwamba matini isiyoeleweka kwa Kiingereza itaeleweka pindi itakapovikwa maneno ya Kiswahili.

Gharama ya kutoeleweka hapa ni kubwa kuliko katika tanzu nyingi tunazozihakiki. Msomaji asiyeielewa shairi hupoteza ladha. Mzazi asiyeelewa maelezo ya dawa mseto ya malaria anaweza kumkatiza mtoto dozi, na malaria ikarudi au ikakomaa.

2. Matini tatu, wasomaji watatu

Mtu akiugua Jinja au Mbale, dawa humfikia kwa njia kadhaa: hospitali ya rufaa ya mkoa, kituo cha afya cha ngazi ya II, III au IV, famasi yenye mfamasia, au duka la dawa lenye leseni ya kuuza dawa za kundi dogo zaidi. Ada za matibabu katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, lakini maduka hayakupoteza wateja wake. Njia yoyote kati ya hizo inaweza kutoa matini ya aina tatu.

Ya kwanza ni kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi, chapa ndogo, pande mbili. Ya pili ni bahasha ndogo ya karatasi au plastiki ambamo vidonge vilivyohesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa hutiwa, ikiandikwa kwa kalamu. Ya tatu ni kauli: maneno machache yanayosemwa dirishani au kaunta, foleni ikisubiri.

Kikaratasi kina maneno mengi zaidi na wasomaji wachache zaidi. Vidonge vinapohesabiwa kutoka kopo la elfu moja, kikaratasi hubaki na kopo. Karta ya vidonge inapokatwa kwa mkasi ili mteja anunue vinne tu anavyovimudu, kikaratasi hubaki na boksi, na mara nyingine jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi hubaki kwenye kipande kingine cha karta. Kutafsiri kikaratasi peke yake, kwa hiyo, ni kuitengeneza matini ambayo wagonjwa wengi hawakabidhiwi.

3. Kikaratasi kinazungumza na nani?

Tukikisoma kikaratasi kama wahakiki, swali la kwanza ni la sauti: nani anasema, na anamwambia nani? Mpangilio wake hujibu. Huanza na muundo wa kemikali, hufuata famakolojia, halafu masharti ya kutotumia, orodha ndefu ya athari zisizokusudiwa, na mara nyingi maelezo ya namna ya kumeza huja baada ya hayo yote. Mpangilio huo unamfaa mkaguzi wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, anayetaka kuthibitisha kuwa mtengenezaji ametimiza wajibu. Unamfaa pia wakili wa mtengenezaji, kwa kuwa athari iliyotajwa haiwezi kusemwa kuwa ilifichwa. Mgonjwa ametajwa, lakini hakuandikiwa.

Tafsiri haibadilishi sauti hiyo. Huongeza hata matatizo mapya. Kitenzi cha Kiingereza cha kupokea dawa kikitafsiriwa neno kwa neno hutoa "chukua kidonge kimoja", na kuchukua si kumeza: anayechukua anaweza kuondoka nacho mfukoni. Kikitafsiriwa "tumia kidonge kimoja", hatujasema kinatumiwa wapi. Kidonge cha kuweka ukeni na kidonge cha kumeza vyote "hutumiwa", na anayesoma "tumia" bila neno jingine hana sababu ya kufikiri mahali pengine isipokuwa mdomoni. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa kila tendo: meza, tafuna, munyunya, yeyusha kwenye maji, paka, dondosha, ingiza. Kasoro ni ya mwandishi anayefuata neno badala ya tendo.

Inafaa kulinganisha na matini nyingine ya dawa ambayo watu wa mashariki mwa Uganda wanaifahamu vyema: maandishi yanayowekwa kwenye dawa za Bohari ya Taifa ya Dawa kusema kuwa ni mali ya Serikali na haziuzwi. Asiyejua Kiingereza anajua maandishi yale yana maana gani. Sababu zake ni za kiuandishi kabisa: ni mafupi, yapo juu ya kitu chenyewe, na mwandishi alijua ni tendo gani hasa analotaka kulizuia. Serikali ilipotaka kueleweka na mwizi, ilieleweka. Mgonjwa anastahili uangalifu huohuo.

4. Bahasha: hesabu inayojifanya lugha

Matini inayokwenda nyumbani na mgonjwa ni bahasha. Juu yake huandikwa alama kama 1×3 au 2×2, wakati mwingine na idadi ya siku. Alama hii imezoeleka Afrika Mashariki kiasi kwamba hatuioni tena kuwa ni maandishi. Tuisome.

Katika 1×3, tarakimu ya kwanza ni idadi ya vidonge na ya pili ni mara kwa siku. Hakuna chochote ndani ya alama kinachosema hivyo. Mtu anapaswa kuwa ameambiwa kabla. Aidha, alama yenyewe imeazimwa kutoka darasa la hesabu, na darasa la hesabu limemfundisha kila aliyepita shule ya msingi kwamba mpangilio wa tarakimu katika kuzidisha haubadilishi jibu: 4×2 ni 8, na 2×4 ni 8. Katika dawa mpangilio ndio maana yote. Vidonge vinne mara mbili kwa siku na vidonge viwili mara nne kwa siku ni jumla moja, lakini ni dozi mbili tofauti.

Chukua dawa mseto ya artemether na lumefantrine, ambayo Uganda iliipitisha katika sera ya mwaka 2004 kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali. Mtu mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 kila dozi, dozi 6 kwa siku 3, jumla vidonge 24. Kwa mkato wa bahasha hii huwa 4×2×3. Mtoto mwenye kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa 2×2×3. Mwenye kilo 25 hadi chini ya 35 hupewa 3×2×3. Katika mfano wa pili, 2 ya kwanza ni vidonge na 2 inayofuata ni mara. Katika wa tatu, 3 ya mwanzo ni vidonge na 3 ya mwisho ni siku. Bibi anayelea wajukuu wawili wenye uzito tofauti, akiwa na bahasha mbili za namna hii nyumbani, amepewa fumbo la tarakimu wakati alihitaji sentensi.

Zaidi ya hayo, alama hii haiwezi kusema mambo mawili ambayo dawa hiyo inayahitaji. Haiwezi kusema kuwa dozi ya pili hufuata ya kwanza kwa muda wa saa nane, ilhali zinazofuata huwa asubuhi na jioni. Wala haiwezi kusema kuwa dawa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, jambo linalousaidia mwili kuifyonza. Pasipo kauli ya mdomo, mambo hayo mawili hayafiki nyumbani.

5. Saa, masaa na kutwa

Mtetezi wa tafsiri atasema: basi tuandike kwa maneno. Ni sawa, lakini maneno nayo yahakikiwe. Nchini Tanzania kauli iliyozoeleka ni "kutwa mara tatu". Kutwa, kwa maana yake ya asili, ni tangu kucha kwa usiku hadi jua kuzama. Ndiyo maana lugha ina pia "kutwa kucha" kwa mchana na usiku. Anayelifuata neno hilo kwa uaminifu atameza vidonge vitatu kati ya asubuhi na magharibi, kisha apitishe usiku mzima bila dawa. Kwa dawa inayopaswa kugawanywa sawasawa ndani ya saa ishirini na nne, huo si mgawanyo sahihi. Kauli hii hueleweka Tanzania kwa sababu ya mazoea; kuihamishia Jinja, ambako mazoea hayo hayapo, ni kuhamisha neno na kuacha maana nyuma.

Tatizo zito zaidi ni la saa. Kiswahili huhesabu saa tangu kuchomoza na kuzama kwa jua, na Luganda na lugha nyingine za jirani hufanya vivyo hivyo. Alama 8:00 ikiandikwa kwenye bahasha na mtu anayefikiri kwa Kiingereza ni saa mbili asubuhi. Ikisomwa na mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili ni saa nane mchana. Tofauti ni ya muda wa saa sita.

Tuchukue sentensi sahihi kisarufi: "Meza dozi ya pili baada ya saa 8." Mama aliyempa mwanawe dozi ya kwanza saa kumi jioni anapaswa kumpa ya pili saa sita usiku. Lakini sentensi hiyohiyo inaweza kusomwa kuwa "baada ya kufika saa nane", na akiifahamu kuwa saa nane ya mchana wa kesho, mtoto amekaa muda wa saa ishirini na mbili badala ya nane. Sarufi haina kosa. Kosa ni kwamba nomino "saa" hutaja nukta ya wakati na pia kipimo cha muda, kwa umbo lilelile.

Hapa wasanifishaji tunapaswa kujitazama. Wazungumzaji wa kawaida wamekwisha kulitatua tatizo hili: husema "saa nane" kwa nukta na "masaa nane" kwa muda. Walimu na wahariri hulikata umbo "masaa" kwa wino mwekundu kuwa si sanifu. Katika insha ya mwanafunzi ukali huo hauna madhara makubwa. Katika maelezo ya dawa, unaondoa tofauti pekee ambayo mzungumzaji aliiweka ili aeleweke. Iwapo hatuko tayari kulikubali umbo hilo, basi tuandike "muda wa saa nane tangu dozi ya kwanza", na ni bora zaidi anayetoa dawa aitaje saa yenyewe: "leo saa sita usiku".

Mfumo wetu wa saa si kikwazo. Jinja iko karibu kabisa na ikweta, na jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Mahali kama hapo, saa inayohesabiwa kwa jua ni chombo thabiti cha kupanga dozi, hata kwa nyumba isiyo na saa ya ukutani. Kinachohitajika ni kuuandika mfumo huo kama wenyeji wanavyousema, pamoja na sehemu ya siku, bila kuuchanganya na tarakimu za saa ya Kiingereza.

6. Madhara, maudhi, athari

Eneo jingine ni istilahi za yale yasiyokusudiwa. Tunayo maneno matatu yanayoshindana. "Madhara" huogofya: anayesoma orodha ya madhara kumi na mawili ana haki ya kujiuliza kwa nini anauziwa kitu chenye madhara. "Maudhi madogo madogo", yaliyoenea Tanzania katika elimu ya uzazi wa mpango, hupunguza hofu, lakini hayawezi kubeba hali ya hatari kama uvimbe wa koo au upele unaobabua ngozi. "Athari" kwa baadhi ya wazungumzaji ni matokeo yoyote, mema au mabaya, na kwa wengine ni mabaya tu.

Kuchagua neno moja na kulitangaza kuwa sanifu hakutatui jambo, kwa kuwa msomaji hahitaji jina la kundi. Anahitaji kujua afanye nini. Sentensi mbili zinatosha: "Ukipata kichefuchefu au kizunguzungu kidogo, endelea na dawa. Ukivimba uso au koo, au ukishindwa kupumua vizuri, acha dawa na uende hospitali mara moja." Hapa hakuna istilahi hata moja, na hakuna kilichopotea.

Hali ni hiyohiyo kwa majina ya maradhi. "Homa" kwa Mtanzania ni joto la mwili. Kwa Wakenya wengi ni mafua. Luganda, lugha ya biashara katika Jinja na hata Mbale, ina "omusujja", linalobeba joto la mwili na malaria pamoja. Kikaratasi kisemacho "dawa hii hutibu homa" kitasomwa kwa namna tatu katika soko moja.

7. Kiswahili kipi, na kwa nani?

Jinja ni mji wa Wasoga, na Mbale ni mji wa Wagisu. Lusoga na Lumasaba ndizo lugha za nyumbani. Luganda, Ateso na nyinginezo zipo sokoni. Kiswahili kilifika Jinja kupitia reli, kambi ya jeshi, viwanda na vibarua waliovuta kambi hapo, hasa baada ya bwawa la Owen Falls kuzinduliwa mwaka 1954. Mbale kinaishi kwa biashara na Kenya kupitia Malaba na Busia. Ni lugha inayosikika zaidi kuliko inavyosomwa. Mtu anayepatana bei kwa Kiswahili bila shida huenda hajawahi kusoma aya moja kwa Kiswahili, kwa sababu shuleni alisomeshwa kwa Kiingereza na lugha ya kwao.

Kuna pia kumbukumbu. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wengi ni lugha ya amri ya askari. Maelezo ya dawa yaliyojaa amri tupu na makatazo huweza kuirudisha sauti hiyo. Sentensi inayotoa sababu husikika tofauti: "Maliza vidonge vyote hata ukipata nafuu siku ya pili, kwa sababu vimelea huwa bado vimo mwilini."

Kutokana na hali hii, nafasi ya Kiswahili mashariki mwa Uganda ni kuwa lugha ya daraja. Ni lugha ya mhudumu na mteja wasio wa kabila moja, ya dereva wa lori na mfanyabiashara wa mpakani, na ya istilahi zinazoweza kutumiwa pamoja na nchi jirani. Nafasi hiyo ni kubwa, lakini kuidai nafasi ya Lusoga na Lumasaba nyumbani kwa mgonjwa kutamwacha mgonjwa bila lugha yoyote anayoisoma.

8. Kipimo

Namna ya kujua kuwa matini inaeleweka inafahamika. Nchini Australia, katika miaka ya 1990, David Sless na Rob Wiseman waliandaa mwongozo wa kuandika kuhusu dawa kwa watu wa kawaida, ambao msingi wake ni kuijaribu matini kwa wasomaji wenyewe na kuirekebisha. Umoja wa Ulaya, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2004, ulitaka vikaratasi vidhihirishe kuwa watumiaji wameshirikishwa. Kiwango kinachotumika ni kwamba katika watu 20, angalau 16 waweze kupata jibu la kila swali ndani ya matini na waonyeshe kuwa wamelielewa.

Kiwango hicho kinahusu kikaratasi na watu wanaojua kusoma, na hakiwezi kunakiliwa Jinja jinsi kilivyo. Kanuni yake, hata hivyo, inahamishika: matini isihukumiwe na aliyeiandika, wala na mtaalamu wa lugha, bali na mtu atakayemeza dawa. Watu ishirini katika kituo cha afya kimoja, bahasha mbili zenye maandishi tofauti, na swali moja: "Ukifika nyumbani utafanyaje?" Jaribio hilo halihitaji bajeti kubwa. Linahitaji wataalamu wa Kiswahili tukubali kuwa mtumiaji anaweza kuikataa sentensi yetu nzuri.

9. Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kuwa udhaifu wa maelezo ya dawa si wa lugha moja dhidi ya nyingine. Kikaratasi kimeandikwa kwa ajili ya mkaguzi, bahasha imeandikwa kwa hesabu, na kauli ya mdomo inategemea urefu wa foleni. Mapendekezo ni haya.

Kwanza, kazi ianze na bahasha. Mamlaka ya Taifa ya Dawa iandae bahasha ya mfano yenye nafasi ya jina la dawa, idadi ya vidonge asubuhi, mchana, jioni na usiku, idadi ya siku, na mstari mmoja kuhusu chakula. Alama ya kuzidisha iachwe.

Pili, katika Jinja bahasha hiyo iwe na Lusoga na Kiswahili. Mbale, Lumasaba na Kiswahili. Jina la dawa libaki kama lilivyo kimataifa, ili mhudumu wa hospitali yoyote alitambue.

Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mamlaka za dawa za nchi wanachama ziandae orodha fupi ya sentensi zilizojaribiwa badala ya kamusi ndefu ya istilahi. Sentensi hizo ziandikwe saa kwa maneno na kwa sehemu ya siku.

Nne, matini yoyote ya dawa kwa Kiswahili isiidhinishwe kabla ya kujaribiwa na watumiaji katika eneo itakakotumika. Tafsiri iliyojaribiwa Dar es Salaam ihesabiwe kuwa bado haijajaribiwa Mbale.

Kiswahili kimepewa nafasi katika sheria za Uganda. Nafasi katika bahasha ya dawa itabidi kiipate kwa kueleweka.